Mwanzo Mtamu wa Wimbo wa Baba Mkwe

Jumatatu, 6 Mei
Mama mkwe katangaza leo mezani. Piano ya marehemu baba mkwe imekula vumbi la kutosha sebuleni kwake. Jumapili atampa yeyote atakayempigia ule wimbo aliokuwa akiupenda marehemu, wote, hadi mwisho. Wagombea ni wawili: mimi kinyozi, na shemeji yangu karani, kaka yake mke wangu. Sote tulianza kujifunza pamoja kwa mwalimu mmoja. Tukishindwa wote, seremala ataichukua, mbao zake ziwe kabati. Kabati! Naipenda piano ile, jamani. Nikifunua kifuniko tu, nasahau hata jina langu.

Jumanne, 7 Mei
Mwalimu katuhubiria tena. Mazoezi kidogo kila siku. Polepole. Mkono mmoja kwanza, kisha mwingine. Na tuanzie pale panapotushinda, si pale tunapopajua. Shemeji kaitikia kwa adabu. Mimi nikacheka kimoyomoyo. Panaponishinda ni katikati, mkono wa kushoto unaporuka kwenda chini. Nitapaachia Mungu. Mwanzo naupiga vizuri mno, na mama mkwe ni mtu wa machozi ya karibu. Atalia mapema, atanikabidhi piano, nani atauliza habari za katikati?

Jumatano, 8 Mei
Ilikuwa zamu ya shemeji pale sebuleni. Saa nzima kakwama sehemu ileile, mkono wa kushoto peke yake, huku akihesabu kwa sauti. Paka katoka nje. Zamu yangu ilipofika, nilingoja hadi nikasikia kandambili za mama mkwe, nikaupiga mwanzo. Kasimama mlangoni! Nikafumba macho. Nikaona ukumbi mkubwa, mapazia mazito, watu wamenyamaza, mimi nimevaa koti refu. Nilipofumbua, alikuwa ameshaenda jikoni. Lakini alisimama.

Ijumaa, 10 Mei
Kazini niliufanyia mazoezi mwanzo kwenye kichwa cha mteja. Laini, kwa hisia. Ukumbi ukarudi, na mapazia yake. Mkono wa kulia ukasahau kwamba umeshika mashine. Mteja ana barabara sasa, kutoka sikioni hadi utosini. Nimemwambia ndiyo mtindo mpya. Kaniambia yeye ni bwana harusi wa kesho. Nimemnyoa kipara, sikumtoza.

Jumapili, 12 Mei
Siku yenyewe. Mwalimu alikuja, na seremala na futi yake. Nikaanza mimi. Mwanzo ulitoka mtamu hata mimi nikasisimka. Kisha katikati. Mkono wa kushoto ukaning'inia hewani, haujui pa kutua. Nikarudi mwanzo. Nikafika tena palepale, nikarudi tena. Sijui nilizunguka mara ngapi. Mke wangu alikuwa anaangalia sakafu. Mwishowe mama mkwe akanigusa bega, akasema taratibu, "Mwanangu, wimbo huu hauna mlango wa kutokea?"

Shemeji akakaa. Kaupiga polepole, bila koti wala ukumbi, mkono wake wa kushoto ukashuka na kutua. Akafika mwisho. Mama mkwe akasema, "Hapo ndipo baba yenu alipokuwa akinitazama." Alilia sana. Ni kule mwisho, kumbe. Nami nililia, kwa ajili yake kidogo, na kwa ajili yangu sana.

Jumatatu, 13 Mei
Piano imehamia kwa shemeji. Nimeumia, sifichi. Lakini jamaa ana roho safi: kaniambia niende kwake wakati wowote nifanye mazoezi, na kaniomba, kama ndugu, nianze na katikati. Nimemshukuru sana. Nimeenda leoleo. Nilikaa, nikaweka mkono wa kushoto palipo pagumu. Pakavu mno, hapana ndoto ndani yake. Nikauacha wimbo huo. Nimechagua mwingine, mrefu zaidi. Mke wa shemeji alipita na kapu la nguo, akasimama kidogo mlangoni. Mwanzo wa wimbo huu mpya, ukiusikia, utalia.