Kibali cha Kulala Nje

Jumatatu, 3 Machi
Safari ya baiskeli imeanza, madhumuni yakiwa kumrejesha mke wangu kutoka kwa mama yake. Ujumbe wake: nije mwenyewe, nimwambie neno moja la kutoka moyoni. Ninasindikizwa na shemeji, kaka yake. Mtu wa maneno machache, nayo hayana mpangilio.

Jioni nilibisha hodi nyumba ya kwanza, nikajitambulisha, nikaomba kuidhinishiwa matumizi ya muda ya baraza. Mwenye nyumba akadhani nimetumwa kuwahamisha. Komeo likafungwa! Tukalala shambani, juu ya mabua. Umande mtupu.

Jumanne, 4 Machi
Mawingu mazito. Nilipendekeza tulale ndani ya kalvati. Shemeji akasema kalvati ni njia ya maji. Nilimfahamisha kwamba hoja yake haikuwa na ushahidi.

Jumatano, 5 Machi
Ushahidi ulifika alfajiri. Umeondoka na kiatu changu cha kushoto.

Jioni, fedheha! Shemeji alimwambia mshona nguo mmoja: “Mama, tumechoka, tulaze hapo nje.” Basi! Mkeka, chai, maji ya moto. Nilikataa, kwa kuwa ombi halikufuata utaratibu. Baadaye nilikubali, pasipo kuondoa pingamizi langu.

Tukiwa mkekani, shemeji alisema dada yake bado analia. Eti siku tulipomzika mtoto wetu niliwashukuru wote, hata walioleta viti, lakini yeye sikumshika hata mkono. Nilimsahihisha: walioleta viti walitajwa mwisho kabisa. Akageukia ukutani. Sikupata usingizi. Mbu, bila shaka.

Alhamisi, 6 Machi
Tumewasili. Mke wangu alisimama mlangoni. Amekonda. Alikitazama kiatu kimoja, nusura acheke. Shemeji akaninong'oneza: “Kaka, mwambie tu na wewe inakuuma.” Nikakohoa, nikaanza: “Awali ya yote, napenda kutoa shukrani za dhati kwa familia...” Nilipofika hoja ya pili, mlango ulikuwa umefungwa. Taratibu, bila kelele. Afadhali angeubamiza.

Ijumaa, 7 Machi
Nimelala barazani kwa mama mkwe. Peke yangu, shemeji amelala ndani. Kulipopambazuka nilikuta nimefunikwa blanketi. La kwetu, lile dogo, la mtoto. Halifiki magotini.

Nimelishika asubuhi nzima, nikitafakari kosa langu. Nimeligundua. Utangulizi ulikuwa mfupi.