Bakuli la Bibi Limeyeyuka

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Likizo. Nyumba kimya. Mama yuko kazini, duka la dawa. Mdogo wangu kaenda kuzurura. Nimepata nafasi ya kutenda jambo kubwa peke yangu, na nimelitenda. Nimeyeyusha bakuli la Bibi.

Bora nianze mwanzo. Bibi yuko hospitali, kafanyiwa upasuaji wa jicho. Anarudi Jumamosi. Jana tulikwenda kumwona. Wenzangu walizungumza, wakacheka, wakamlisha chungwa. Mimi nilikaa pembeni nikichunguza magurudumu ya kitanda chake. Nilimpenda kimya kimya, kama kawaida yangu. Si bure wananiita Kobe.

Leo asubuhi nikapata wazo. Nimwokee mkate! Bibi ndiye mwoka mikate wa mtaa huu, mkate atauelewa hata kama haujasema kitu. Nikawasha oveni ianze kupata moto. Nikaenda kutafuta bakuli la kupimia unga. Kabatini halipo. Chini ya meza halipo. Nikasimama kufikiri. Ndipo nikanusa.

Kwetu oveni isipokuwa na moto ni kabati. Bati za kuokea, masufuria mapana, mifuniko isiyo na wenyewe, vyote vinalala humo. Na bakuli la kijani la Bibi linalala humo pia, kwa sababu likikaa kwingine mdogo wangu anamwogeshea mwanasesere. Kila siku kabla ya kuoka Bibi huvitoa kimoja kimoja, taratibu, kama anayeamsha watoto. Nimemwona tangu sijajua kutembea. Nimemwona!

Nikafungua. Bakuli lilikuwa limejilaza juu ya wavu, kingo zimelegea, na ndimi ndefu za kijani zinaning'inia kuelekea chini. Nikazima gesi. Nikafungua madirisha. Kisha nikachukua uamuzi wa kiutu uzima: nikafunga mlango wa oveni.

Si bakuli tu. Bibi hana mizani, hajawahi kuwa nayo. Unga hadi ukingoni, maji hadi kwenye ule mkwaruzo wa ndani. Kabla ya kulazwa alimwambia Mama kwamba macho yakikataa si neno, maadamu mikono ipo na bakuli lipo, ataoka. Nilikuwepo. Nilisikia.

Sasa mikono ipo.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Mdogo wangu tunamwita Redio. Hana stesheni, hana kuzimwa. Asubuhi kaingia jikoni, kavuta pua mara moja tu, kaenda moja kwa moja hadi kwenye oveni. Akatazama. Akanitazama. Akasema, kwa upole wa kutisha, kwamba anakipenda sana kitanda changu cha dirishani.

Nikamwambia asahau. Akajaza pumzi kifuani kama anayetaka kusoma taarifa ya habari. Nikahamisha mto wangu.

Baadaye akaja Injinia. Huyu ni binamu yangu, mtoto wa Mama Mkubwa, dada yake Mama. Tunatenganishwa na ukuta mmoja. Anaitwa Injinia tangu alipoifungua saa yao ya ukutani aone inavyofanya kazi. Mpaka leo iko kwenye sahani. Akainama, akagonga plastiki kwa kalamu, akaniuliza kwa nini nahuzunika kwa jambo dogo la fizikia. Kilichoyeyuka kwa moto kitatoka kwa moto! Tuwashe tena, ilainike, tuipanguse kwa kitambaa kama uji uliomwagika.

Ningekuwa mtu wa kubisha ningebisha. Lakini Injinia huongea haraka na mimi nikitafuta neno huwa limeshapita.

Tukawasha. Ikalainika, kweli. Ikateremka, ikapita kwenye wavu, ikatua sakafuni mwa oveni, nyingine ikaingia kwenye vitundu vya gesi. Moshi! Kitambaa kikaganda humo humo. Nikazima mbio, tukatoka nje tukikohoa. Injinia akasema jaribio limefanikiwa kwa maana kwamba sasa tunajua. Nikamuuliza tunajua nini. Akasema ameitwa kwao.

Mama akarudi jioni. Akauliza harufu gani hii. Nikasema labda majirani wanachoma takataka.

Nilisahau jirani ni nani.

Mama hawezi kumkaripia dada yake mkubwa, haiwezekani. Kwa hiyo akatoka uani akamkaripia paka, kwa sauti ya kuvuka ukuta. Wewe paka, kuna watu hawaoni haya, wanachoma plastiki wenzao wakiwa na mgonjwa! Kisha upande wa pili Mama Mkubwa akasikika akiifokea ndoo yake. Wewe ndoo, usijibu, wanaosingizia wenzao Mungu anawaona!

Paka akaja kulala miguuni kwangu. Tulielewana.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Nimejaribu kisu. Plastiki imebaki, rangi ya ndani ya oveni imetoka. Mkwaruzo mrefu kama barabara. Nikaacha.

Mchana hospitali. Bibi kafungwa bandeji jicho moja, na lile la pili ni lile lile tunalolijua, linaona mwanga na vivuli. Mama na Redio wakaenda kumtafuta muuguzi. Nikabaki na Bibi. Na magurudumu.

Akapapasa hewa mpaka akaupata mkono wangu. Akaniambia anawaza nyumbani. Akaniambia, Kobe wangu, angalieni mtu asije akawasha oveni, bakuli langu limo. Nikatingisha kichwa. Akacheka, akasema mjukuu wangu, sikuoni, ukitingisha kichwa mimi napata upepo tu. Sema.

Nikasema ndiyo.

Ndiyo! Neno moja nililotamka siku nzima, na lilikuwa uongo.

Nikiwa kwenye korido nilifanya mazoezi ya kuomba radhi. Kwa lugha ya shule, Kiingereza, ni rahisi. Shuleni unatupa kaneno kafupi, unakanyaga mguu wa mwenzako unakatupa, unachelewa unakatupa, mambo yameisha. Lugha ya nyumbani haina huruma hiyo. Nikisema nisamehe Bibi, lazima niseme kwa kosa gani, na lazima nimtazame. Nilifika hadi "nisa". Muuguzi akapita na kitoroli akaniuliza kama natafuta choo.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Mapinduzi!

Redio ndiye aliyeanzisha, bila kujua. Alidondosha sanduku la plastiki la barafu kutoka kwenye friza, likapasuka vipande vipande. Nikamkodolea macho mpaka akaogopa. Plastiki ikipoa sana inavunjika! Tumekuwa tukiipa moto wakati dawa yake ni baridi.

Nikachomoa wavu na bakuli lake lililogandamana nao, nikausukuma kwenye friza. Ili ukae ilibidi nitoe nyama, samaki na mfuko wa mbaazi. Sakafu ya oveni nikaifunika kwa mifuko ya barafu. Nikangoja. Injinia akaja, akatazama, akasema hata yeye alikuwa anaelekea kwenye wazo hilo.

Kisha nikachukua mwiko wa mbao, nikausukuma pembeni ya lile dimbwi la kijani. Kach! Kipande kizima kikaruka. Kach! Kingine. Sijawahi kusikia sauti tamu hivyo. Nilikwangua mpaka vidole vikafa ganzi, kichwa kimo ndani ya oveni, matako nje, naimba. Mimi! Naimba!

Wavu nao ukatii. Bakuli likabanduka vipande. Kimoja kilikuwa na ule mkwaruzo wa maji. Sikukitupa. Nimekiweka mfukoni.

Nikarudisha wavu kwenye friza kwa ajili ya mabaki madogo. Hapo ndipo Mama aliporudi kabla ya saa zake, akafungua friza. Akaona wavu wa oveni umelala mahali pa nyama. Nikatafuta maneno. Redio akasema ni kazi ya likizo ya Kobe, somo la sayansi. Mama akautazama wavu, akanitazama mikono ilivyo myekundu. Akasema tu kwamba samaki asiachwe nje. Akafunga friza.

Redio kanidai na shali yangu.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Nimeamka nimekuta paketi ya magadi na chupa ya siki mezani, zimewekwa sambamba. Mama alikuwa anavaa viatu vya kazini, akaiambia soli ya kiatu kwamba magadi hukorogwa na maji kidogo, yakapakwa, yakaachwa. Akatoka.

Kumbe ukobe nimerithi.

Nimepaka, nimesubiri, nimesugua, nimefuta kwa siki. Vitundu vya gesi nimevizibua kimoja kimoja kwa pini. Halafu nikawasha oveni tupu, madirisha wazi, nikasimama mlangoni kama mlinzi. Mara ya kwanza harufu kidogo. Nikazima, nikafuta tena. Mara ya pili hakuna kitu. Chuma na joto tu. Nikaikumbatia ilipopoa. Sijali.

Likabaki bakuli. Injinia kajitolea kukokotoa ukubwa wa lile la zamani kutokana na vipande. Alipima, akazidisha, akajaza karatasi. Jibu likawa bakuli ambalo Redio angeweza kuogea. Nikaenda sokoni mwenyewe. Nililazimika kusema na muuzaji! Nikamwonyesha kile kipande cha mfukoni, nikamwambia nataka mwenzake. Akasema binti, haya yalikwisha toka nikiwa na nywele. Akanipa la kijani vilevile, pana kidogo. Bibi haoni vizuri, nikajiambia. Mpango wangu ni huu: naliweka pale pale ndani ya oveni, kisha naishi kwa amani.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Bibi kaja. Hakuomba chai, hakuomba kiti. Kapapasa ukuta hadi jikoni, kafungua oveni, kaingiza mkono, kalitoa bakuli. Akapitisha kidole ndani, polepole, akitafuta mkwaruzo. Akazunguka nalo mara ya pili.

Akasema, bakuli langu limenenepa mimi nikiwa hospitali.

Redio akafunguka. Kila kitu, kwa pumzi moja: moto, moshi, kisu, paka, ndoo, samaki, wavu. Alipomaliza akakaa chini kama mtu aliyetua mzigo. Nilijua zamu yangu imefika. Nikafungua mdomo. Likatoka lile neno la shule.

Bibi hakusoma lugha hiyo. Akageuza uso upande wangu, akauliza nimesema nini. Nikamwendea. Nikauweka mkono wake shavuni kwangu ili asipate upepo tu. Nikasema, Bibi, mimi ndiye niliyewasha. Nilitaka kukuokea mkate. Nisamehe, nimekuchomea bakuli lako, na Jumatano nilikudanganya.

Maneno mengi kuliko ya mwezi mzima. Machozi pia.

Bibi akasema jicho lake jipya limekatazwa kulia, kwa hiyo ninyamaze nisimharibie kazi ya daktari. Kisha akasema nioshe mikono. Akavikusanya viganja vyangu viwili pamoja, akamimina unga humo, akaupima uzito kwa kuinua mikono yangu kutoka chini. Akamimina bakulini. Tena. Tena. Alipofika mahali akasimama, akachovya vidole, akasema hapa. Maji vivyo hivyo, kidogo kidogo, mpaka donge likamjibu anavyotaka. Akaniambia nichukue msumari niweke alama. Nikatoa kile kipande cha zamani nikampa. Alikishika kitambo. Akakitia kwenye mfuko wa gauni.

Mkate wa kwanza ulitoka jiwe. Wa pili ukaumuka! Mama akaubeba nusu, akatoka uani, akamsifia paka kwa sauti kubwa: wewe paka, hakuna duniani dada kama dada yangu! Upande wa pili ndoo ikaambiwa isilie. Mama Mkubwa akaja na kiti chake. Injinia akaeleza kila mtu jinsi baridi inavyofanya kazi.

Bibi akatangaza kwamba kuanzia leo oveni si kabati, na mimi ndiye mlinzi wa bakuli. Nikaapa.

Kitanda cha dirishani kimerudi kwangu. Siri haina thamani tena, Redio mwenyewe kakubali. Jioni kanyemelea bakuli na mwanasesere mkononi, amejaa povu. Nimemnyang'anya, nikamchukulia na masufuria yake ya kuchezea, nikaficha vyote mahali ambapo hatafikiria kabisa. Nimekuwa mtu mwingine wiki hii.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Nimeamka kabla ya wote. Bibi kalala, mdomo wazi, mkono mmoja juu ya mfuko wa gauni. Nikamtazama moyo ukanijaa. Nikapata wazo! Aamke akute mkate wa moto, mkate wangu, wa alama yangu.

Nimefanya kila kitu kwa utaratibu. Nimewasha oveni kwanza ipate moto wa kutosha. Nimepepeta unga. Nimepasha maji. Naandika haya nikisubiri, nikiwa na raha ambayo sijui niiseme vipi.

Kilichobaki ni bakuli. Kabatini halipo. Chini ya meza halipo. Najua nililiweka mahali salama, nakumbuka hata nilivyojisifu. Nimesimama nafikiri.

Redio kaingia, macho hayajafunguka vizuri. Kavuta pua mara moja. Kageuka chumbani bila kuniuliza kitu, namsikia anahamisha mto wangu.