Ombi la Kuhamishwa Kundi la Lahaja Kabla ya Harusi

Askenden, Yorkshire
Jumatatu

Kwa Profesa Hartnell, Idara ya Lugha

Profesa mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na kompyuta yako. Mimi si mzima, na sababu ni nyinyi wawili.

Jina langu ni Seth Hardcastle. Mwaka jana ulimtuma kijijini kwetu binti mmoja, Bi Fiona, na kinasa sauti na maswali yake: mkate mdogo wa mviringo tunauitaje, kichochoro kati ya nyumba tunakiitaje, kondoo akianguka chali akashindwa kuinuka tunasemaje. Nilimjibu kwa uaminifu, na biskuti nikampa. Sasa nasikia mliyakusanya majibu ya vijiji vyote mkayatia kwenye kompyuta, ikapima nani anasema karibu na nani, ikawa inaunganisha wanaofanana hadi Uingereza nzima ikawa mafungu ya rangi. Sina ugomvi na takwimu. Ugomvi wangu ni kwamba Askenden imepakwa zambarau pamoja na Wolsterton.

Wolsterton, Profesa, iko Lancashire, mahasimu wa Yorkshire tangu jadi. Iko ng'ambo ya kilima. Nadhani kompyuta haikuambiwa.

Ningenyamaza, maana mimi si mtu wa maneno mengi, lakini kuna harusi. Mjukuu wangu Bethany, niliyemlea tangu baba yake afariki, anaolewa Jumamosi hii na Daniel Ormerod, wa huko huko Wolsterton. Kwetu baba ndiye humshika bibi harusi mkono akamwingiza kanisani, na baba akikosekana ni babu. Mimi nilishasema baani, mbele ya watu, kwamba simkabidhi mtoto kwa watu wasiojua kusema kama binadamu, na kwamba siku mtaalamu atakapothibitisha kuwa sisi na wao tunasema sawasawa, nitamwingiza mwenyewe na waridi jekundu, nembo ya Lancashire, kifuani. Niliona nimejifungia mlango vizuri kabisa. Juzi Bethany akabandika ramani yako kwenye friji.

"Babu," akaniambia, "waridi unataka kubwa au la wastani?"

Malalamiko yangu ni haya.

1. Hamkutuunganisha tu, mmetuunganisha mwanzo kabisa. Bethany kanionyesha mchoro wenye matawi. Askenden na Wolsterton zimeshikana kabla ya vijiji vingine vyote, kama wachumba, halafu ndipo Yorkshire iliyobaki inafuata huko mbali. Kuna watu wanaoona haya hata wakiwa wameoana.

2. Mmehesabu tunavyoiita mikate, hamkuhesabu tunavyowaita watu wa Wolsterton. Tuna majina mengi, mengine ya tangu enzi za babu yangu, na siwezi kuyaandika kwenye barua kwa mtu aliyesoma. Yatieni hayo, umbali utapanuka wenyewe. Najua utasema na wao wanatuita kwa majina hayo hayo. Huo ni wizi, Profesa. Tangu lini mwizi akavaa koti langu tukawa ndugu?

3. Kilima hakimo kwenye hesabu zenu. Nimekipanda maisha yangu yote nikifuata kondoo, na magoti yangu ni ushahidi. Naomba urefu wake ujumlishwe kwenye umbali wa lahaja, na majira ya theluji uzidishwe mara mbili.

4. Sina tena wa kubishana naye. Nikifungua mdomo kuilalamikia mvua, Jack mwenye baa ananikatiza: "Endelea, mzee wa Lancashire, tunakusikia." Kisha wote wanatazama bia zao na mabega yanawacheza.

5. Kama ni lazima tuwe na wenzetu, basi tupeni watu wa Norwei. Mababu zetu walitoka huko, wakachoma nyumba chache walipofika, na tangu hapo hatujagombana. Wako mbali, hawachezi kriketi, na hakuna aliyekuja kuposa kwangu.

Kwa hiyo naomba ramani ibadilishwe kabla ya Jumamosi. Kompyuta ikikataa, iletwe hapa baani tuzungumze nayo kiutu uzima. Huenda ukaniona mkaidi. Ukweli ni kwamba huyu mtoto ndiye pekee niliyebaki naye nyumbani, na akivuka kilima nitakuwa nakula peke yangu. Bi Fiona hakuniuliza hilo, na mimi sikumwambia.

Nisalimie Bi Fiona, aliyekunywa chai yetu nzito bila kukunja uso, na wenzako wote wa idara, na watu wa nyumbani kwako.

Wako mwenye masikitiko na heshima zote,

Seth Hardcastle

Nyongeza: Kabla ya kuituma barua hii nimevuka kilima kumtafuta Clifford Ormerod, babu yake Daniel, aitie sahihi na yeye, maana nilisikia naye amechukia. Nimemkuta ana barua yake mwenyewe kwako. Tumeketi jikoni kwake kulinganisha. Na yeye ametaka kilima kihesabiwe, na yeye ameomba watu wa Norwei. Tumebishana nani kamwiga nani mpaka viazi vikaiva. Nilipoinuka kuaga ameniwekea sahani bila kuniuliza. "Kaa chini, mkaidi wewe," kasema, "tangu mke wangu afariki napika chakula kingi mno, na Daniel naye akioa anahama hapa nyumbani." Profesa, sikuhitaji kutafsiriwa hata neno moja. Naomba ramani isiguswe. Jumamosi nitakuwa kanisani, Bethany mkononi. Na jibu lako usilipeleke Askenden, kwa kuwa kuanzia Jumapili saa za kula sitakuwapo. Litume Wolsterton, kwa Ormerod. Utatukuta mezani.