Ulanzi Ndani ya Rejeta

Jumatano, 1 Juni 1955, Njombe

Baridi imepasua rejeta ya kigari cha Bwana! Kile cha mashindano, viti viwili, hakina paa. Bwana yuko likizo Ulaya, akirudi atanichinja. Nahumu, fundi wa Makambako, alikuwa huku kwa shughuli zake. Akasema ishushwe, ilehemiwe, na vifaa ataleta Jumatatu. Jumatatu! Na Jumapili nimeahidi kumpeleka Mzee Elieza Makambako. Huyo ndiye baba yake Dorika, mzee wa kanisa la Kilutheri. Mimi na Nahumu sote tumeposa kwake. Nahumu anajua anachofanya, mshenzi yule! Anataka mzee apande lori la abiria, mimi niaibike.

Alhamisi, 2 Juni

Nimeziba ufa kwa sabuni ya mche. Imeshika! Dorika kapita, akauliza kwa nini nisimngoje fundi. Nikamwambia fundi ni mimi. Akaguna tu. Sasa shida ni baridi. Maji yakiganda tena, kwisha habari yangu.

Jumamosi, 4 Juni

Nimepata dawa! Jirani yangu Filbert hunywa ulanzi mkangafu, ile pombe ya mianzi iliyochacha ikawa kali, akalala nje kwenye barafu, asubuhi mzima kabisa. Ulanzi usiomwacha Filbert agande utaiacha rejeta igande? Nimemwaga maji yote, nimejaza ulanzi. Nahumu hawezi kufikiri hivi hata umchape.

Jumapili, 5 Juni, Makambako

Sina hamu na mtu. Kilima cha kwanza tu, rejeta ikachemka. Sabuni na ulanzi, jamani! Povu likaruka juu ya kioo, likamwagikia Mzee Elieza: koti la ibada, kofia, Biblia. Nikamwambia ni dawa ya injini. Akalamba mdomo. Tumefika tukivutwa na lori, lori lilelile! Kanisani wanawake wakaziba pua. Mchungaji akamuuliza mzee kwa upole ameanza lini kunywa. Nahumu kakaa mbele, shati limepigwa pasi. Namchukia!

Jumatatu, 6 Juni

Nahumu kalehemu rejeta. Haivuji hata tone. Namchukia zaidi. Mchana Dorika kashuka kwenye lori la kutoka Njombe, macho mekundu. Akasema baba yake alikuwa amenikubali mimi. Safari ya jana ilikuwa ya kumwambia Nahumu uso kwa uso, kama desturi, kwamba posa yake imekataliwa. Baada ya lile povu, mzee akamwambia Nahumu karibu nyumbani, mwanangu. Dorika akasema ningengoja siku moja tu. Nimelia, na sioni haya kuandika.

Lakini kosa la nani? Nahumu! Angekuja na vifaa Jumatano, haya yangetoka wapi?

Jumanne, 7 Juni, Njombe

Bomba la moshi limedondoka njiani. Jana Nahumu alinionya limelegea, nimwachie mpaka Ijumaa alichomelee. Ijumaa! Ana wazimu? Nyuma ya nyumba nina mianzi, unene uleule kabisa. Nishakata mmoja, umeingia vizuri sana. Jumapili nampitia Mzee Elieza, ajionee mwenyewe fundi ni nani.