Nilivyompunguza Spidi Baba Mkwe

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, tena kwa kujipeleka mwenyewe, laptop kwapani kama mtu wa maana.

Nianze kwa haki. Hakuna aliyenilazimisha. Kazi yangu ni kuwaingizia watu nyimbo kwenye flashi na memori kadi, pale karibu na stendi ya Bariadi. Shule niliishia kidato cha pili. Mtu akiniita "fundi wa kompyuta" najua anakosea, ila simsahihishi. (Na wewe usingemsahihisha.)

Nina mchumba, Kabula, kwao Ngulyati. Posa nimeshapeleka, jibu bado. Baba yake, Mzee Masunga, ujanani alicheza ngoma za Kisukuma upande wa Bagika, na sifa yake ilikuwa moja tu: miguu myepesi. Rafiki yake kipenzi, Mzee Ng'wandu wa Kasoli, alikuwa Bagalu, upande wa pili. Waliwahi kushindana hukohuko Kasoli baada ya pamba kuuzwa, na mpaka leo hawajakubaliana nani alishinda. Wakikutana, mikono hawajanawa, ubishi umeanza.

Kwa bahati mbaya (yangu mimi), ngoma ile ilirekodiwa. Video ikawekwa kwenye CD enzi za kompyuta za chogo, na inafunguka kwa programu ya kompyuta hizo tu. Mzee kaifungia kabatini miaka yote, haina pa kuonekana. Nami, kwa kutafuta sifa ukweni, nikasema: "Baba, hiyo naiweza."

Nilikuwa nimeona mtandaoni kuna programu ya kuifanya laptop ijifanye kompyuta ya zamani. Ukiiwasha, ndani ya kioo chako kinatokea kioo kingine cha kizamani, na rangi zilezile, na milio ileile, na uvivu uleule. Nikaipakua kwenye laptop yangu, ile nene yenye mlango wa CD. Nikaijaribu geto. Ikafunguka, likatokea jina la studio, nikashangilia, nikafunga. (Ndiyo, niliishia kwenye jina la studio. Huo ndio utafiti wangu wote.)

Leo mchana nikafika Ngulyati. Nikachuchumaa kumwamkia. "Mwadila, baba." Mzee akaitikia vizuri kabisa, hata kiti akanisogezea. Nikajiona nimeshaoa. Mzee Ng'wandu alikuwa ameshafika, amevaa koti kama mtu aliyekuja kupokea kombe. Mama yake Kabula, kwa heshima ya ukwe, hakai chumba kimoja na mimi. Akaketi kwenye kigoda nje ya mlango, anachungulia. Wala hasemi na mimi moja kwa moja. Akiwa na neno, linapitia kwa Kabula.

Nikawasha. Kioo cha kizamani kikatokea. Mzee Ng'wandu akasema, "Alaa! Hii sasa ndiyo kompyuta." (Kwamba yangu ya kawaida ilikuwa nini, sikuuliza.)

Video ikaanza na umati umejaa kioo, na sauti ikatoka. Nisiongeze chumvi: ilikuwa kama mtu anavuta kabati juu ya sakafu.

"Ng'ombe gani huyo anazaa?" akauliza Mzee Ng'wandu.

"Sauti imechakaa kwa umri wa CD," nikatangaza, nikaizima. Sijui hilo nililitoa wapi. Lilikuja tu, tena kwa ujasiri.

Juu ya kile kioo palikuwa na namba ya asilimia. Nikajua ni chaji. Ilikuwa inakaribia mia. "Chaji imejaa," nikawahakikishia. Sasa walikuwa wanacheza Bagalu, mpigapicha karudi mbali, watu wanaonekana wadogo kama njugu, na mambo yanakwenda vizuri. Mzee Ng'wandu akajiona, au alisema amejiona, yule wa katikati. "Mwaona? Mwaona mguu huo?"

Halafu zamu ya Bagika. Mpigapicha akasogea karibu. Vumbi, watu, majembe ya kuchezea yanarushwa juu, na katikati yupo Mzee Masunga, kijana, kifua wazi.

Namba ikashuka mpaka thelathini na moja.

"Tutazame haraka, jamani," nikasema, "chaji inaisha."

Shida ni kwamba Mzee Masunga hakuwa na haraka. Aliinua mguu wa kulia. Tukasubiri. Ukapanda, ukafikiri, ukashuka. Akauinua wa kushoto kama mtu anayeutoa kwenye tope la jaruba la mpunga. Akarusha jembe juu. Jembe likakaa hukohuko juu, linatutazama.

Nilimwona mzee kwa pembe ya jicho. Alikuwa anaitazama miguu yake, hii ya leo, kama anaiuliza swali.

Mzee Ng'wandu akasimama. "Si nilikwambia, Masunga? Si nilikwambia? Dawa yangu ya ngoma ilikukamata miguu! Miaka yote unakataa. Haya, mashine imesema!"

"Mimi ni mtu wa kanisa," akasema Mzee Masunga, polepole (nisameheni, ndivyo alivyosema). "Mambo ya dawa siyajui."

"Huyajui, lakini jembe limeganda hewani! Hebu tumuulize kijana. Yeye hana upande."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeomba maji ya kunywa. Kabula, nyuma ya mgongo wa baba yake, alikuwa ananionyesha kwa macho: sema baba kashinda, yaishe. Lakini mimi nina ugonjwa wa haki. Nikaitazama tena picha. Bagalu wepesi. Bagika wazito. Mambo ya dawa siyaamini sana, ila ushahidi ni ushahidi.

"Baba," nikasema, "kwa haki kabisa, bila upendeleo, siku hiyo ulikuwa mzito."

Nikaona nimesema kidogo, nikaongeza: "Hata Bagika wenzako walikuzidi kidogo." (Hili hakuna aliyeniuliza.)

Mzee Ng'wandu akapiga kofi, akanishika bega: "Huyu ndiye nkwilima! Mkwe mkweli!" Nikajikuta natabasamu. Baba wa mchumba wangu kainama, na mimi natabasamu.

Nje ya mlango sauti ikasema, "Kabula, hebu muulize mgeni wako. Huyo mwanamke mwenye ndoo, hapo pembeni, anamfahamu?"

Kabula akaniuliza, kana kwamba sikusikia. Nikatazama. Kweli, pembeni ya picha alikuwapo dada mmoja anamwagia uwanja maji kutuliza vumbi.

"Mwambie simfahamu," nikamjibu Kabula.

"Mwambie ni mimi," ikasema sauti. "Sasa mwambie atazame hayo maji."

Tukatazama wote. Maji yalitoka kwenye ndoo kwa heshima, yakaning'inia, yakajipanga, yakashuka chini kama uji mzito wa mgonjwa.

"Muulize: maji nayo yalilishwa dawa ya Ng'wandu?"

Mzee Ng'wandu akarudi kitini.

"Na huyo kuku anayekimbia mbele ya ndoo. Mguu mmoja hewani tangu nimekaa hapa. Naye ni Bagika?"

Kabula alishaanza kucheka. Alikuja akainama kwenye kioo, kidole juu ya namba. "We, hii si chaji. Chaji ni hii hapa chini kwenye kona. Imeandikwa themanini na kitu. Hii ya juu ni ya nini?"

Nikasogea. Kando ya namba palikuwa na neno dogo la Kiingereza, lile ambalo hata sisi wa kidato cha pili tunalijua. Spidi.

Yaani muda wote mashine ilikuwa inaniandikia juu kabisa, mbele ya wazee, kwamba inatembea kwa theluthi moja ya mwendo wake. Laptop ilikuwa na kazi mbili: kuwa yenyewe, na kujifanya kompyuta nyingine. Watu wakiwa mbali na wadogo, inaweza. Ukiiletea vumbi, umati na majembe, inazidiwa, inaburuza kila kitu: mzee, maji, kuku, na ile sauti niliyosema imechakaa. Na mimi nikatangaza hukumu.

Nikaeleza hayo yote. Nimechuchumaa tena, safari hii si kwa salamu.

Mzee Ng'wandu, kwa haki yake, hakukata tamaa: "Kuku ni kuku. Masunga ndivyo alivyocheza."

"Nyamaza, Ng'wandu," akasema Mzee Masunga. Alinyoosha miguu mbele, akaitazama kwa upendo. Halafu akanigeukia mimi. "Kwa hiyo mimi sikuwa mzito."

"Hapana, baba. Mzito ni mashine. Na mimi."

"Hata Bagika wenzangu hawakunizidi."

"Baba, hilo nililiongeza tu."

"Vizuri. Wewe umeniletea posa, na unasubiri jibu."

"Ndiyo, baba."

"Uliniweka kwenye thelathini na ngapi pale?"

"Na moja, baba."

"Basi rudi Bariadi ukasubiri. Jibu lako linakuja. Linakuja kwa mwendo huohuo."

Nje ya mlango mtu alicheka mpaka kigoda kikaanguka. Na niseme haki hapa pia: mama mkwe akicheka anacheka vizuri sana, hata aibu ukaiona ina faida kidogo.

Sasa nipo geto, laptop nimeifunika kanga kama maiti. Kabula katuma ujumbe hivi punde. Anasema baba yake ameshasimama mara kadhaa uani kujaribu miguu, na ameuliza kama yule kijana "asiyejua kudanganya hata pale inapotakiwa" alifika salama. Nimeusoma mara nyingi. Bado sijui kama ni sifa.

Ninawaomba msicheke. Asiyeweza kujizuia acheke polepole, asizidi thelathini na moja.