Mwezi Niliouona Peke Yangu

Jumatano, 3 Desemba 1969

Mwezi ishirini na tatu Ramadhani. Kiu. Lakini leo kiu si kitu, mlango umefunguka! Tangazo limebandikwa posta: nafasi moja ya kwenda Ulaya kusoma elimu ya anga, miaka mitatu. Kufuatilia setilaiti, kupima nyota, mambo ya wakubwa. Mwenyekiti wa kamati ni Bwana Mcha, mwalimu mkuu mstaafu. Wanasema ni mtu wa haki. Hapo pana tatizo kidogo.

Nafasi ni yangu. Nani mwengine Unguja nzima amefanya kazi Tunguu, kwenye kile kituo cha kusikiliza vyombo vya anga kilichofungwa mwaka wa sitini na nne? Mimi, Pandu. Kweli nilikuwa nikifyeka majani. Lakini nilifyeka chini ya antena yenyewe. Kwenye fomu nimeandika "Msaidizi, Upande wa Antena". Si uongo, ni kufupisha.

Wakati wa futari Kidawa akasema naye amejaza fomu. Kidawa! Binti wa shangazi yangu, Bi Mwanapili. (Ninakaa kwao kwa muda. Huu mwaka wa sita.) Anasomesha hesabu skuli ya wasichana, basi ameshajiona. Nikamkumbusha kwa upole kwamba waliokanyaga mwezini Julai walikuwa wanaume watupu. Akajibu kwamba waliowapigia hesabu ya njia hawakutiwa kwenye picha. Shangazi akaniambia ninywe uji wangu ungali moto.

Alhamisi, 4 Desemba

Swali limetoka. Kila mwombaji aandike, kwa hesabu, kama mwezi wa Mfunguo Mosi, yaani mwezi wa Iddi, utaonekana Unguja magharibi ya Jumanne, tarehe tisa. Karatasi mwisho Jumatatu. Usaili Jumatano tarehe kumi, saa tatu asubuhi.

Hesabu ya nini tena? Mwezi huangaliwa kwa macho, hauangaliwi kwa penseli. Nimekaa na karatasi tangu adhuhuri hadi alasiri. Nimeandika jina langu. Hati imetoka nzuri sana.

Kidawa na rafiki yake Rukhsana wamejifungia chumbani na majedwali. Huyu Rukhsana ni binti wa fundi redio wa Mkunazini, na siku hizi fundi hasa ni yeye, babake kazi yake kuwakaribisha wateja viti. Ameunda mtambo anaosema unasikia setilaiti ikipita. Nikatega sikio mlangoni. Mlio mwembamba tu. Nikawaambia huyo ni mbu. Wamecheka muda mrefu kuliko maneno yenyewe yalivyostahili.

Jumamosi, 6 Desemba

Mungu hamtupi mja wake! Kidawa ametoka, daftari ameliacha juu ya cherehani, limefunuka. Kitu kilichofunuka kukiangalia si kuiba. Nimenakili kurasa mbili. Namba, mishale, alama mfano wa ndoana. Sikufahamu hata moja, na hiyo ndiyo dalili ya elimu. Jibu lake la mwisho ni neno moja: HAUTAONEKANA. Yeye kalipigia mstari mmoja, mimi nimelipigia miwili. Pembeni palikuwa na maneno kwa hati ndogo, nayo nimeyatia. Hesabu ya kweli haiachi kitu.

Nimepeleka karatasi kabla yake. Sasa atakayeonekana kanakili ni yeye. Kwa furaha nilikunywa maji kwa kusahau. Mara mbili.

Jumatatu, 8 Desemba

Balaa! Nimekutana na Bwana Mcha Darajani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanisifu: hesabu yangu ni safi, isipokuwa pana maneno fulani angependa niyaeleze. Akaongeza kwamba usaili ni wa ubaoni. Kila mmoja atapewa chaki aifanye hesabu yake upya mbele ya kamati. Chaki! Nikamwambia hiyo ndiyo njia bora kabisa.

Nahitaji wiki moja. Hata siku nne. Nimefikiri mpaka kichwa kikaniuma, kisha likanijia. Jumatano ikiwa Iddi, ofisi zitafungwa na usaili utaahirishwa. Ili Jumatano iwe Iddi, mwezi uandame Jumanne. Na ili mwezi uandame Jumanne, apatikane mtu wa kuuona.

Macho ninayo.

Jumanne, 9 Desemba

Mwezi ishirini na tisa. Magharibi nilikuwa Shangani, ufukweni, watu wamejaa wanatazama mbinguni. Jua likazama. Mawingu mawili matatu. Mwezi hata dalili. Kidawa na Rukhsana nao walikuwepo. Wamekaa wanakula tende, wala hawakunyanyua kichwa hata mara moja. Wanasayansi gani hao wasiotazama juu?

Nikapiga ukelele: ule pale! Watu wakageuka. Nikasema umeshaingia winguni. Wakanichukua mbio mpaka barazani kwa Sheikh. Nikatoa ushahidi kwa sauti kubwa. Sheikh, mtu mpole, akaniuliza pembe za mwezi zilielekea wapi. Nikasema chini. Akauliza, chini kama kawa iliyofunika chakula? Nikasema naam, hivyo hasa. Pakawa na kicheko. Akauliza ulikuwa kulia kwa jua au kushoto. Nikasema kulia. Alipoyauliza tena hayo hayo nikasema kushoto, kwa sababu mwezi unatembea. Akataka shahidi wa pili. Sina. Basi wameamua tukamilishe thalathini.

Kwa hiyo usaili upo kesho. Lakini si hasara tupu: Bwana Mcha alikuwa amekaa pale pale barazani, ameyasikia yote. Ameona kuwa nina macho ya kitaalamu. Kibaya ni kwamba habari zangu zimefika mtaani kabla ya uamuzi wa Sheikh, na jirani yetu Bi Mashavu ameshachinjisha kuku watatu.

Jumatano, 10 Desemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Asubuhi Bi Mashavu alikuwa dirishani ananingojea. "We Pandu wee! Mwezi wako umechwea wapi? N'shachinja mimi! Hebu njoo uwale kuku hawa mchana huu, mbele za watu, n'kuone!" Mtaa mzima ulitoka kusikiliza. Nikapita njia ya nyuma, huko nako wanajua.

Kwenye kamati watu watatu. Nikapewa chaki. Kabla sijaigusisha ubaoni, Bwana Mcha akaniuliza maana ya yale maneno ya pembeni ya hesabu yangu. Akayasoma: nazi mbili, bizari, siki. Nikasema ni vipimo vya hewa ya juu. Akauliza siki inapima nini. Nikasema inapima ukali wa jua. Mjumbe mmoja akainamisha kichwa mezani, mabega yakawa yanamtikisika. Nadhani saumu ilimshinda.

Kisha Bwana Mcha akainua karatasi yangu mbele ya uso wangu. HAUTAONEKANA, mistari miwili. Akasema jana alinisikia kwa masikio yake nikishuhudia mbele ya Sheikh kwamba umeonekana. Basi angependa kujua, uongo niliuweka wapi, kwenye karatasi au barazani?

Wallahi mpaka dakika ile nilikuwa sijayaweka mambo hayo mawili pamoja. Nikasema yote mawili ni kweli: kwa hesabu haukuonekana, kwa bahati ukaonekana. Akasema ninaweza kuiacha chaki.

Kidawa aliingia baada yangu. Nilikaa nje nikasikia chaki yake inakwenda, inakwenda, haisiti. Na magharibi mwezi umeandama pale pale alipoandika, pembe juu, mnene, kila mtu anaunyoshea kidole. Hili naliandika kwa sababu halisomi mtu: niliitaka sana nafasi ile. Nina miaka thelathini na nne, nalala ukumbini kwa shangazi, na tangu leo naitwa Shahidi. Inauma.

Alhamisi, 11 Desemba

Iddi mosi. Kidawa amepata, anaondoka Februari. Bi Mwanapili kalia, kacheka, kalia tena, kisha akaanza kumtafutia sweta. Watu wanaingia na kutoka. Mabibi wale wale waliokuwa wakisema hesabu zitamkosesha mume leo wanasema walijua tangu zamani. Bi Mashavu kaleta kuku kwa bwana harusi wa mwezi, ndivyo alivyosema, akaniwekea shingo.

Baadaye Kidawa akaja kukaa nami ukumbini. Nikajitayarisha kukanusha. Hakunituhumu. Alisema, "Kaka Pandu, ungenambia tu, ningekusomesha." Akasema bado ana miezi miwili, kila siku baada ya alasiri atanifundisha tangu mwanzo, na mwakani nijaribu tena, kwa kuwa akili ninayo ila naipeleka kubaya. Machozi yalinilenga, nakiri. Nikamwambia nitafikiri, nina shughuli nyingi. Tangu mwanzo! Mimi, mtu wa Tunguu!

Jumamosi, 13 Desemba

Habari njema! Kamati imeongeza nafasi ya pili. Wanataka fundi wa mitambo ya kupokea sauti za setilaiti, waume kwa wake, wote wanaruhusiwa. Barua tu, hesabu hakuna.

Nilikwenda moja kwa moja dukani kwa Rukhsana kumpa mkono wa Iddi. Barua yake ilikuwa juu ya meza, mbichi, wino haujakauka vizuri. Alipoingia ndani kuniletea sharubati nikaitoa kalamu. Nimenakili yote, neno kwa neno. Ya pembeni safari hii nimeyaacha. Mtu hujifunza: kosa langu lilikuwa kunakili kwa mwalimu, na mwalimu siku zote atataka chaki. Kwa fundi hakuna maswali.

Nikaifunga nakala yangu, nikatia sahihi yangu juu ya bahasha, nikampelekea Bwana Mcha mwenyewe nyumbani kwake, kabla ya Rukhsana. Akaifungua mbele yangu. Aliusoma mstari wa kwanza, akanitazama toka kofia hadi viatu, akausoma kwa sauti: "Mimi ni binti wa miaka ishirini na mbili." Akauliza kama nina hakika ya maneno hayo.

Nikamwambia tangazo limesema waume kwa wake, wote wanaruhusiwa. Ameirudisha barua ndani ya bahasha, akanifungulia mlango. Nadhani nimemshinda.