Kisima cha Mtakatifu Bláthnóg

Jumamosi, 4 Mei

Wamepita tena. Katikati ya shamba langu! Wamejipanga mstari kama bata, Fergal Tuohy mbele na zile fimbo zake mbili za kutembelea. Mtu ana miguu miwili mizima, fimbo mbili za nini? Alikaa Kanada miaka thelathini, akarudi na fimbo, koti la mvua la rangi ya chungwa, na tabia ya kutufundisha kijiji chetu wenyewe. Kila Jumamosi anawakusanya watu na kuwapeleka kuona vitu. Wiki iliyopita sili, wale wanyama wa baharini, kwenye mapango. Kabla ya hapo mawe ya kale kule mlimani, mawe ambayo sisi tumeyaona tangu tunazaliwa na hatujawahi kuyapiga picha. Leo mnara uliobomoka wa ufukweni. Na njia fupi ya kwenda mnarani, eti, ni kwa Malachy Hession.

Nilikuwa nimesimama ukutani. Tuohy akanipungia fimbo, akasema, "Malachy ndugu yangu, njia yetu hii inazidi kupendeza!"

Njia yetu! Shamba hili ndilo kitu pekee alichoniachia baba. Kibali cha kujenga nyumba hapa nimekisubiri mpaka nywele zimeisha, na sasa ninacho. Nyumba ndogo tu. Dirisha la jikoni litazame bahari, na asiwepo mtu wa kuniambia nivue viatu mlangoni. Watu wakizoea kupita, halmashauri itakuja kusema ni njia ya umma, na mimi nitazeekea chumba cha nyuma kwa dada yangu Attracta, mwanamke anayehesabu soseji zikiwa bado kikaangoni.

Jioni alikuja Mossie Kineavy, mwenye katapila, kuangalia mahali pa lango. Ni kona ya barabarani tu inayofaa, kwingine kote ni mwamba. Kwenye kona upo mti wa miiba, umesimama peke yake juu ya kidimbwi cha kunyweshea ng'ombe. Mossie akautazama, akavua kofia, akajikuna. Akauliza kama huo mti ni wa wale. Nikamuuliza wale gani. Akasema, "Usijitie hujui, Malachy. Wale wadogo wa chini ya ardhi, ambao mti wao haukatwi." Nikamwapia kwa kaburi la mama kwamba ni mti tu, haujawahi kuzungukwa na mtu, na marehemu baba alikuwa akikojoa palepale kila jioni akitoka kwenye baa. Akaridhika. Atakuja Jumanne ya kwanza ya Juni, baada ya sikukuu. Msukumo mmoja, mti chini, lango linaingia.

Kwa hiyo nina wiki chache za kumzuia Tuohy. Nimeshamzidi akili, hajui tu.

Jumamosi, 11 Mei

Nilitundika kibao: HATARI! FAHALI MKALI! Fahali sina. Lakini kibao ni kizuri, nimekipaka rangi nyekundu.

Watembezi walifika, wakasimama. Moyo wangu ukaruka. Kumbe Tuohy amewaambia leo tutaona fahali! Wakakaa ukutani wakatoa chupa za chai na sandwichi za mayai, wakamsubiri. Mama mmoja wa mjini akaniuliza fahali anaitwa nani. Nikasema Gerard. Akauliza yuko wapi. Nikasema amelala. Akauliza kama anaweza kulala mahali ambapo hakuna hata ghala wala kichaka cha kumficha. Nikamwambia Gerard ana tabia zake.

Tuohy akapiga kelele, "Twendeni jamani, Gerard mpole kuliko mwenye shamba!" Wakacheka wote. Wakapita. Mmoja akaangusha ganda la yai kwenye sebule yangu, yaani pale itakapokuwa sebule.

Attracta amesikia habari dukani. Wakati wa chakula akaniuliza Gerard anakula nini siku hizi, maana yeye hana mpango wa kulisha madume mawili.

Jumatatu, 13 Mei

Nimepata! Ni Attracta mwenyewe aliyenipa, bila kujua. Alikuwa akilalamikia goti lake kama kila asubuhi, anashuka ngazi akiguna kila hatua, akasema laiti angekuwa na mtu wa kumpeleka kisima cha parokia ya ng'ambo, kinachoponya macho, pengine kingesaidia na goti.

Kisima! Wagonjwa hufunga kitambaa kwenye mti wa kisima kitakatifu, na watembezi wakikiona, husimama. Watazunguka, watapiga picha, watakunywa chai, watahisi wameona kitu, watarudi nyumbani. Niwawekee kisima hapohapo kona, barabarani. Hakuna atakayefika mnarani. Mossie akija, navifungua vitambaa, basi. Nani atakumbuka?

Nimechana nusu ya pazia la zamani la jikoni la Attracta, lile la njano lenye majogoo. Nimelichovya kwenye chai na majivu lionekane lilifungwa enzi za ile njaa kuu ya mababu. Nimefunga vipande kwenye mti wa miiba, miiba nayo imenichana kama adui. Nimepanga mawe meupe kuzunguka kidimbwi. Nimeweka kikombe kisicho na mkono.

Likabaki jina. Mama alikuwa na ng'ombe wawili. Nikamchagua Bláthnóg, aliyekuwa mpole na aliyekufa vizuri. Mtakatifu Bláthnóg, mponyaji wa magoti. Kila mtembezi ana magoti.

Kisha nikaenda dukani kwa Concepta Moran nikamnong'oneza kwamba bibi yangu aliniachia siri ya kisima, na asimwambie mtu. Kumpa Concepta siri ni sawa na kugonga kengele ya kanisa. Tuohy amejitakia. Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wahenga.

Jumamosi, 18 Mei

Ushindi! Wamesimama kona, wamevua kofia, wamezunguka mara tatu kufuata jua, kama inavyopasa. Na aliyewaeleza ni nani? Tuohy! Anamjua Mtakatifu Bláthnóg kuliko mimi niliyemleta. Kwamba alikuwa mtawa, kwamba alivuka ghuba akielea juu ya jiwe, kwamba mfalme alimfukuza na magoti ya mfalme yakakauka. Amesema alisimuliwa na babu yake, kwenye moto wa udongo mkavu wa kinamasi. Muongo mkubwa! Nilitaka kumuumbua pale pale, lakini ningemuumbuaje?

Wakanywa maji kwa kile kikombe, mmoja baada ya mwingine, wakisema yana ladha ya chuma. Nikamkumbuka marehemu baba.

Hakuna hata mmoja aliyevuka shamba. Nimekwenda peke yangu nikasimama pale itakapokuwa jikoni, nikatazama bahari. Mvua ilikuwa ikininyeshea usoni na sikujali. Sijui lini mara ya mwisho nilikuwa na furaha hivyo.

Jumapili, 26 Mei

Watu hawaondoki. Hilo sikulifikiria. Baada ya Misa magari yalipangana kutoka kona hadi kwenye daraja, namba za Sligo, namba za Galway, na basi moja la wazee. Kuna mtu anauza chai! Shambani hawaingii, ni kweli. Wako kona tu. Mti hauonekani tena majani. Vitambaa, rozari, soksi, tai ya mtu.

Na Attracta! Alikwenda bila kuniambia, akafunga soksi yake ndefu ya kahawia. Leo asubuhi ameshuka ngazi kimya. Nilidhani amekufa, nikatoka mbio. Nikamkuta jikoni anacheza na redio. Akasema goti limekwisha, Mungu ambariki Bláthnóg. Halafu akasema Jumamosi ya tarehe 8 anatembea na kundi la Tuohy kwenye miamba, na Tuohy amemwazima fimbo moja. Dada yangu wa damu! Fimbo ya Tuohy mlangoni kwetu, na hiyo haiambiwi ivue viatu.

Padre Lavelle alipita kwa gari lake. Akateremsha kioo, akasema Kanisa halikubali wala halikatai. Kisha akatazama huku na huku, akatoka, akafunga leso yake. Ni kiuno, akaniambia. Anakaa sana.

Jumatatu, 3 Juni

Sikukuu. Mossie anakuja kesho, lazima mti uwe mtupu. Nilikwenda alfajiri, kabla ya wauza chai, na gunia na kisu.

Kila mtoto wa hapa anaijua sheria: ukiondoa kitambaa cha mtu, unaondoka na ugonjwa wake. Upuuzi mtupu. Nani ajuaye zaidi yangu kwamba ni upuuzi? Mtakatifu huyu nilimtoa zizini kwa mkono wangu.

Nikaishika soksi ya Attracta. Nikaiacha. Si kwa hofu, ilikuwa imelowa. Nikaishika leso ya Padre. Mimi nami nakaa sana. Ya Concepta sikuigusa hata kwa kisu, kijiji kizima kinajua Concepta ana bawasiri. Kisha nikaona kiatu cha kufuma, cha mtoto mchanga, kimefungwa chini kabisa na uzi wa buluu. Nani alikileta sijui. Hicho sikukitazama mara mbili. Nilikaa kidogo kwenye jiwe.

Nikajiambia nitaondoa vyangu tu. Vya pazia. Mimi mwenyewe nilivifunga, na pazia halina ugonjwa. Nikavuta kimoja, chenye jogoo. Mguu ukateleza kwenye mawe meupe niliyoyapanga mwenyewe, nikaangukia goti. Sasa hivi limevimba kama kabichi. Ni bahati mbaya tu, mawe yalikuwa na utelezi.

Jogoo nimemrudisha mtini. Si kwa sababu yoyote.

Jumanne, 4 Juni

Mossie alikuja na katapila. Watu walikuwa wameshajaa, maana Concepta alipita kila nyumba. Akateremka. Akavua kofia. Hakujikuna.

"Uliniapia, Malachy," akasema. "Kwa kaburi la mama yako."

Basi nikasema yote. Mbele ya watu, nimesimama kwa mguu mmoja. Pazia, chai, majivu, ng'ombe. Baba na baa. Nilisema kweli tupu kwa mara ya kwanza mwaka huu, na hakuna hata mmoja aliyeniamini! Attracta akasema naizua habari hii ili nipate nyumba, na goti lake ni shahidi. Nikakimbilia nyumbani, yaani nikachechemea, nikaleta nusu ya pazia iliyobaki. Akasema hiyo inathibitisha kitu kimoja tu, kwamba mimi ni mwizi wa mapazia. Concepta akasema bibi yake naye alimjua Bláthnóg. Tuohy akapanda ukutani kwangu na kusema siku zote wenye mashamba ndio waliowakana watakatifu, na kwamba ataiomba halmashauri iihifadhi kona isiguswe milele. Wakampigia makofi. Wale waliokunywa maji hawakunitazama, hasa baada ya habari ya baba.

Nikamshika Mossie mkono. Nikamwambia wewe ni mtu mzima, unaendesha mashine, huoni kwamba nilimzua mimi?

Akafikiri. Akasema, "Sawa, labda ulimzua. Lakini sasa yupo. Na mimi nina watoto watano."

Akageuza katapila akaenda. Nimewapigia simu wengine wawili wenye mashine. Wa kwanza alikata simu niliposema jina la kijiji chetu, Killoveen. Wa pili, huko Roscommon, aliniuliza kama naweza kumfungia mama yake kitambaa.

Jumamosi, 8 Juni

Attracta amekwenda matembezini. Wanapanda miamba ya kaskazini kutazama ndege wanaoatamia, kisha supu ya samaki bandarini. Ameniachia viazi baridi na onyo kuhusu zulia. Anatembea kama msichana. Mimi ndiye ninayeguna kwenye ngazi.

Nyumba haitajengwa. Nimeandika, nimesoma tena, bado ni hivyohivyo. Shamba ninalo, kibali ninacho, bahari ipo palepale, na mlango wa kuingilia umezibwa na ng'ombe wa mama. Nimelia kidogo juu ya viazi. Hakuna aliyeona, basi haihesabiwi.

Mchana, barabara ilipokuwa tupu, nikaenda kona. Nikazunguka mara tatu kufuata jua, na goti hili, na kila mzunguko nikimtukana. Nikakata ncha ya shati langu nikaifunga palipobaki nafasi. Nikamwomba Bláthnóg mambo mawili. La kwanza nyumba. La pili, Tuohy atumbukie kwenye shimo la samadi, na fimbo zote mbili, koti likiwa zipu wazi. Nikanywa maji kwa kile kikombe. Yana ladha ya chuma kweli.

Nikasubiri. Mtakatifu hakusema kitu. Hata alipokuwa hai alikuwa mvivu, maziwa yake yalikuwa mpaka umbembeleze.

Nikarudi kwa njia ya juu, inayopita nyumbani kwa Tuohy. Amepiga vigingi mbele ya nyumba. Jirani yake akanieleza kwamba anajenga ukumbi wa vioo wa kupokelea watembezi wake, na Mossie anakuja Alhamisi kuchimba msingi. Nikasimama kwenye ua wake kupumzisha goti. Katikati ya vile vigingi upo mti wa miiba. Mzee, umepinda kwa upepo, uko peke yake. Na chini yake, nilichungulia vizuri, pana maji.

Mama alikuwa na ng'ombe wawili. Na nusu ya pazia bado ninayo.